Gesi yaingia jikoni Kismayu, ukaguzi usibaki mlangoni

Kwa miaka mingi, Kismayu ilipotajwa katika habari za nishati, msomaji alijua ni habari ya mkaa. Migunga ya nyanda za Juba ilikatwa, ikachomwa, ikatiwa magunia na kupakiwa bandarini kwenda nchi za Ghuba. Februari 22, 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2036 na kupiga marufuku mkaa wa Somalia kuuzwa nje, kwa sababu fedha zake zilikuwa zikiwanufaisha al-Shabaab. Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali yalipoingia mjini, malundo ya magunia ya mkaa yalikuwa yangali yamejaa karibu na bandari.

Mkaa haujaondoka Kismayu. Bado ndio unaochemsha chai na kukaanga samaki katika nyumba nyingi, za mjini na za visiwani. Lakini pembeni yake sasa umesimama mgeni: mtungi wa gesi. Mgeni huyu hapigi moshi, hachafui sufuria, na humwokoa mama na kikohozi cha alfajiri. Wakati huohuo, hana subira na mtu mzembe. Mkaa ukikosewa, mara nyingi huzimika. Gesi ikikosewa, nyumba inaweza kuwaka moto.

Suala hili si la Kismayu peke yake. Machi 4, 2024, Somalia ilikamilisha safari yake ya kuwa mwanachama wa nane wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa, mafundi na mazoea ya jikoni vitazidi kuvuka mipaka. Swali ni kama ukaguzi nao utavuka.

Gesi hii hukaa chini

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, uliokandamizwa mpaka ukawa kimiminika. Lita moja ya kimiminika hicho ikitoka nje huwa zaidi ya lita 200 za gesi. Ndiyo maana uvujaji mdogo unaweza kujaza chumba. Na haihitaji kujaza chumba chote: sehemu 2 tu za gesi katika sehemu 100 za hewa zinatosha kushika moto.

Jambo la pili ni uzito. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo haipandi darini. Hutambaa sakafuni, hujikusanya pembeni, shimoni na chini ya kitanda. Mbajuni hahitaji somo refu hapa. Gesi iliyovuja ndani ya mashua hufanya kama maji ya ngama: hushuka mpaka chini kabisa ya chombo na kukaa hapo. Tofauti ni kwamba ngama huonekana na gesi haionekani. Kwa hiyo anayepeleka mitungi Koyama, Chovai au Chula aisimamishe wima, aifunge kamba isianguke, aiweke juu penye upepo na si chini ya sitaha, na asivute sigara kando yake.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali tunayoijua hutiwa makusudi kiwandani, ili pua iwe mlinzi wa kwanza.

Dakika kumi kabla ya kiberiti

Mafundi wa gesi hufuata mpangilio ambao kila nyumba inaweza kuushika.

Kwanza, kagua mtungi ukiwa bado kwa muuzaji. Angalia kama lakiri ya vali haijaguswa. Tazama kutu, hasa kwenye kitako, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani hula chuma upesi. Mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Upime kwenye mizani: uzito wote ukitoa ule wa mtupu ndio gesi unayoilipia. Ukikuta gesi pungufu umepunjwa. Ukikuta imezidi una hatari, maana mtungi haujazwi mpaka juu. Huachwa nafasi ili kimiminika kitanuke joto likipanda. Jua la Kismayu ukilitia kwenye mtungi uliofurika, nafasi hiyo haipo.

Pili, kagua kidhibiti, kile mafundi wanachokiita regyuleta. Shinikizo lililomo mtungini linaweza kuwa zaidi ya mara mia moja ya lile linalohitajiwa na jiko. Regyuleta ndiyo hulipunguza. Lazima iwe ya aina inayolingana na vali ya mtungi wako. Ikilazimishwa kwa nyundo au kufungwa kwa uzi na kitambaa, hiyo si regyuleta tena. Kipete cha mpira kilichomo ndani ya vali kiwepo na kisiwe kimepasuka.

Tatu, kagua mpira. Mpira wa kumwagilia maji si mpira wa gesi, hata ukiingia vizuri. Ule wa gesi umeandikwa kazi yake na mwaka wake. Ukunje kidogo: ukionyesha nyufa, utupe. Ncha zote mbili zibanwe kwa vibanio vya chuma, na mpira usipite nyuma ya jiko lenye moto.

Nne, funga vitufe vyote vya jiko, kisha fungua vali ya mtungi. Chukua maji yenye povu la sabuni, pakaza kwenye vali, regyuleta, urefu wote wa mpira na pale unapoingia jikoni. Povu likitoa mapovu yanayokua, pana uvujaji. Funga, kaza, pakaza tena. Likiendelea, rudisha mtungi. Usitafute uvujaji kwa njiti ya kiberiti.

Tano, fungua dirisha na mlango, kisha washa. Kwa jiko la kiberiti, njiti huwaka kwanza, kitufe hufunguliwa baadaye. Jiko lisipowaka ndani ya sekunde chache, funga, ngoja hewa isafishe chumba, ndipo ujaribu tena. Wakati wa kusi, upepo ukipenya dirishani unaweza kuzima mwali huku gesi ikiendelea kutoka. Sufuria ikiwa motoni usiende sokoni.

Ukinusa gesi, usiwashe taa wala usiizime, kwani cheche moja ya swichi inatosha. Usiguse feni wala simu. Funga vali, fungua milango, toa watu nje, na chombo chochote cha umeme kisubiri.

Rangi ya mwali

Mwali mzima ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi chini ya sufuria, gesi haipati hewa ya kutosha au kichomeo kimeziba. Hapo huzaliwa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu akidhani ni uchovu. Mkaa hutoa sumu hiyohiyo. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na mlango ukafungwa ni hatari ya zamani ambayo bado inaua.

Kwa jamaa walio Ulaya

Tangu serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wengi walitawanyika, wengine mpaka Uingereza. Huko gesi haiji kwa mtungi bali kwa bomba, na kifaa kinachomtatiza mgeni ni boila, mtambo wa ukutani unaopasha maji ya kuoga na ya rejeta za vyumbani.

Gesi ya mabomba ya Uingereza ni methani hasa, nyepesi kuliko hewa, yenyewe hupanda. Lakini kanuni ya mwali ni ileile. Kabla ya kuwasha boila baridi inapoanza, mkazi hutazama geji: kwa mitambo mingi, maji yakiwa baridi, sindano husimama kati ya bari 1 na 1.5. Hutazama kama dohani ya nje haijaziba, kama hakuna doa jeusi kwenye kifuniko, kisha huwasha kwa kitufe na kupandisha kidhibiti joto. Boila ikijizima tena na tena, kazi ya mkazi imeishia hapo. Kifuniko hafungui.

Kufungua ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, daftari lililoanza Aprili 1, 2009. Mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kukaguliwa vifaa vyake vya gesi kila miezi 12, na mpangaji hupewa nakala ya ukaguzi ndani ya siku 28. Mpangaji hupewa haki hiyo bila kulipa na bila kuomba. Wageni wengi hawaijui, wakakaa kimya wakiogopa kufukuzwa.

Somo la Embakasi

Kanda yetu imekwisha kuona gharama ya kukosa ukaguzi. Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na nyumba za jirani zikashika moto. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia, kwa sababu makazi ya watu yalikuwa karibu mno.

Somo hapo ni kwamba sheria ilikuwepo, ila mkono wa kuisimamia haukufika. Kismayu bado ina nafasi ya kupanga kabla vichochoro havijajaa wajazaji wa mitungi wasio na mizani wala leseni.

Jumuiya ina Sheria ya Viwango, Uhakiki wa Ubora, Vipimo na Upimaji ya mwaka 2006. Somalia nayo ina shirika lake la viwango. Vikikaa meza moja, mambo matatu yanaweza kuanza bila bajeti kubwa: aina za vali zijulikane kanda nzima ili regyuleta isilazimishwe, maelezo ya mtungi yaandikwe kwa Kiswahili na Kisomali, na fundi aliyefuzu Mombasa au Dar es Salaam aruhusiwe kufundisha wenzake Kismayu.

Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi wake kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo kama hilo lina maana pale tu mama anaponunua mtungi akiwa na hakika utadumu salama jikoni mwake. Mpaka maofisa watakapokubaliana, ukaguzi wa kwanza uko mikononi mwake: mizani dukani, kisha bakuli la maji ya sabuni nyumbani. Muuzaji anayekataa mtungi wake upimwe amekwisha jibu swali.