Muziki Ulipopisha Maneno

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, nayo ililazimika kumgawia kila mtu zamu yake: mkulima, mwanafunzi, mpenzi wa taarabu, mtuma salamu. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi. Mwaka uliofuata Radio One ikasikika, na kabla muongo haujaisha Clouds FM nayo ilikuwa hewani.

Redio za biashara haziwezi kuishi kwa zamu. Zinakula kutokana na matangazo, na kabla ya kulipa, mwenye tangazo huuliza nani hasa anasikiliza. Muuza losheni na muuza saruji hawatafuti sikio moja. Kwa hiyo stesheni huanza kwa kumchagua mtu: ana umri gani, anaamka saa ngapi, anapanda nini kwenda kazini. Halafu siku nzima hupangwa kumfuata. Mpangilio huo ndio ninaouita ladha ya stesheni.

Ladha ya kwanza ilikuwa muziki, na teknolojia ilichangia. Masafa ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, hutoa sauti safi kuliko mawimbi ya kati na mafupi yaliyozoeleka. Ila hayafiki mbali: mtambo mmoja huhudumia mji na vitongoji vyake, na mkoa mwingine hudai mtambo wake. Redio ya namna hiyo inafaa mjini, kwenye vijana na maduka. Stesheni za Dar es Salaam zikaanza na R&B na hip hop za Marekani, kisha Bongo Fleva ikachukua nafasi. Miaka hiyo, wimbo usiopigwa redioni ulikuwa kama haujarekodiwa.

Ukiisikiliza Clouds kutwa nzima utauona ufundi wa kumfuata msikilizaji. Asubuhi kuna Power Breakfast, na habari za magazeti husomwa wakati watu wako njiani. Leo Tena huja wanaume wengi wakiwa wameshaondoka nyumbani, saluni zikianza kujaa. Mchana XXL ni ya vijana, na Jahazi huingia jioni, foleni ikiwa imekaza. Hapo kwenye foleni ndipo penye fedha, kwa sababu aliyekwama kwenye gari hana pa kwenda na redio iko mbele yake.

EFM ilipoanza mwaka 2014 ilitazama upande mwingine: uswahilini. Singeli, muziki uliokuwa ukitikisa vigodoro, zile sherehe za usiku za mitaani, huku wakubwa wa muziki wakiudharau, ukapata saa zake hewani. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa ladha uliokuwa wa kijasiri kuliko yote, maana ulitambua kwamba watu wa mitaa ile nao ni wateja.

Kisha simu janja zikaubeba muziki. Nani atasubiri mtangazaji aupige wimbo anaoweza kuucheza mwenyewe sasa hivi? Redio zikageukia kile ambacho simu haikuwa nacho, yaani mazungumzo ya moja kwa moja, na hasa soka. Uchambuzi wa Simba na Yanga ni rahisi kuandaa: meza, wachambuzi watatu, laini ya simu ya wasikilizaji. Hauhitaji hata haki ya kutangaza mechi, na kampuni za kubeti ziko tayari kudhamini. Sauti zenyewe zikawa ndiyo mali. Leo mtangazaji akihama stesheni, watu husema amesajiliwa, na wasikilizaji wake huhama naye.

Kinachonisikitisha ni hali ya mikoani. Stesheni nyingi za huko huiga Dar es Salaam: soka ileile, udaku uleule, hata lafudhi. Wakati huohuo msimu wa korosho ukifika Mtwara na Lindi, kila mkulima anataka kujua bei ya mnada wa leo, nani amenunua, na malipo yataingia lini. Maswali hayo hayajibiwi na mchambuzi aliyeketi Mikocheni, Dar es Salaam. Redio ya hapo inaweza kuyajibu jioni ileile, kisha ikamuuzia tangazo mwenye duka la pembejeo na mwenye lori.