Tagi ya kampuni ya mafuta iliyogeuzwa manowari

KATIKA bandari yoyote kubwa, iwe Kilindini au New York, tagi ni chombo ambacho wasafiri hawakitazami mara mbili. Kazi yake ni kukokota meli kubwa hadi gatini na kuzirejesha baharini, kisha kutulia pembeni kungojea mgeni mwingine. Hata hivyo, historia ya tagi moja ya mvuke ya Marekani yabainisha kwamba vita vinapozuka, chombo hiki duni huweza kuitwa mstari wa mbele.

Tagi hiyo iliundwa mwaka 1896 huko Wilmington, katika jimbo la Delaware, ikapewa jina Atlas. Mwenyewe alikuwa kampuni ya mafuta ya Standard Oil.

Mnamo Februari 15, 1898, manowari ya Marekani iitwayo Maine ililipuka bandarini Havana, Cuba, na watu zaidi ya 260 wakafa. Cuba ilikuwa koloni la Uhispania, na uhasama baina ya mataifa hayo mawili ukapamba moto. Jeshi la wanamaji la Marekani, likiwa na upungufu wa vyombo vidogo, lilianza kununua tagi na meli za anasa za matajiri. Atlas ilinunuliwa Aprili mwaka huo, ikafungwa mizinga midogo na kubatizwa Wompatuck, jina la mtemi wa wenyeji asilia wa Massachusetts. Uongozi alikabidhiwa Luteni Carl Jungen, mmoja wa maafisa walionusurika katika mlipuko wa Maine.

Tagi ilifaa vita kwa sababu zile zile zilizoifanya ifae biashara. Injini yake ina nguvu kuliko umbo lake, na udogo wake huiwezesha kupita mahali ambapo meli kubwa zingekwama. Tena mabaharia wake ni watu waliozoea kamba nene na minyororo.

Ndiyo maana kazi yake ya kwanza haikuwa kupigana bali kukata nyaya. Wakati huo Uhispania iliwasiliana na majeshi yake kwa telegrafu, kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Mwezi Mei, Wompatuck iliandamana na St. Louis, meli ya abiria iliyokodiwa na serikali, hadi pwani ya kusini ya Cuba. Mabaharia walikokota kulabu chini ya bahari hadi zinase waya, wakauvuta juu na kuukata. Mei 18, karibu na Santiago, waya mmoja ulikatwa huku mizinga ya ngome ikinguruma. Siku iliyofuata, huko Guantánamo, Wahispania waliwashambulia vikali hata wakalazimika kuondoka kabla ya kumaliza kazi.

Mtihani mkubwa ulikuja Juni 30 katika bandari ya Manzanillo. Wompatuck iliingia pamoja na Hist na Hornet, zote mbili zikiwa meli za anasa zilizofungwa mizinga. Ghafla kombora lilipasua bomba kuu la mvuke la Hornet. Meli isiyo na mvuke haina miguu. Ikabaki ikielea mbele ya adui, bila uwezo wa kukimbia.

Hapo Wompatuck ilirudia kazi iliyoundiwa. Iliikokota Hornet, risasi zikiendelea kumiminika, hadi ikaitoa hatarini. Ajabu ni kwamba Hornet iliundwa katika karakana ile ile ya Wilmington, na mwenyewe wa awali alikuwa Henry Flagler, mmoja wa waasisi wa Standard Oil.

Vita vilikwisha mwaka huo huo, na kwa mkataba wa Desemba Marekani ikaitwaa Ufilipino kutoka Uhispania. Wompatuck ilipelekwa huko baadaye, ikatumika kwa miaka mingi. Mwaka 1920 iliorodheshwa kama YT-27. Hatimaye, ilipozeeka, iligeuzwa chombo cha kubebea mafuta na kuitwa YO-64. Hivyo iliyozaliwa katika biashara ya mafuta ikarejea kwenye mafuta. Ilipotea mwanzoni mwa 1942, Japani ilipovamia Ufilipino.

Imekumbukwa kwa mizinga, lakini siku iliyookoa wenzake, ilitumia kamba.