Kabla ya Kutafuta, Sharti Ulijue Jina

Mitambo ya kutafuta kwenye intaneti ina sharti moja ambalo halitiliwi maanani: lazima uwe na neno la kuandika. Kijana wa Kamenu, hapa Thika, anayetamani kutengeneza gemu ya matatu linalokwepa mashimo barabarani anaweza kuwa na simu nzuri, bando la kutosha na wazo lililokomaa, na bado asifike popote kwa sababu hajawahi kusikia programu za kazi hiyo kama Scratch, Godot wala GDevelop zikitajwa. Akiandika tu kwamba anataka kutengeneza gemu, humwagiwa majibu tele kwa mpigo. Mengine ni matangazo, mengine yanasifu programu zinazohitaji gigabaiti kadhaa na kompyuta ambayo kwao haipo. Basi huachana na jambo hilo akarudi kucheza gemu zilizotengenezwa na wengine.

Jinsi watu wanavyokifahamu kitu kipya na kuamua kukitumia ni swali ambalo wanasayansi wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 80, na utafiti uliofungua njia ulihusu mahindi. Mwaka 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha matokeo ya mahojiano na wakulima 259 wa Iowa, Marekani. Mbegu chotara ya mahindi ilikuwa imeanza kuuzwa huko mwaka 1928, na kufikia 1941 ni wakulima wawili tu kati ya hao ambao hawakuwa wameikubali. Watafiti walitaka kujua habari ilipitia wapi. Karibu nusu ya wakulima walisema waliisikia kwanza kutoka kwa wauzaji wa mbegu. Walipoulizwa ni nani aliyewafanya wakate shauri, hasa wale waliochelewa, jibu lililojitokeza sana lilikuwa jirani.

Everett Rogers, aliyeandika mwaka 1962 kitabu kinachotegemewa hadi leo kuhusu usambaaji wa mambo mapya, alikulia katika shamba la Iowa hiyohiyo. Baba yake alipenda mashine mpya lakini mbegu chotara aliikataa kwa miaka. Ukame wa 1936 ulipokuja, mahindi yake yalinyauka huku ya jirani yakisimama wima, na hapo akakubali. Nasi Kenya tuna kisa chetu. Watafiti wa Kitale walitoa mbegu ya H611 mwaka 1964, baada ya kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ekuador. Ilienea magharibi mwa nchi kwa kasi iliyolingana na ile ya Iowa au hata kuizidi. Mkulima aliyeona gunia la mwenzake limejaa hakuhitaji kusomewa kijikaratasi.

Rogers alitaja sifa tano zinazofanya kitu kipya kikubalike: kiwe na faida kuliko cha zamani, kilingane na maisha ya watu, kisiwe kigumu, kiweze kujaribiwa bila hasara, na matokeo yake yaonekane kwa macho. Kwa programu za kutengeneza gemu, mbili za mwisho ndizo zinazoamua mambo katika mtaa kama Kamenu. Faida haina mjadala na ugumu umepungua mno. Ila kujaribu kunakula bando, na kuona kunahitaji mtu anayefanya kazi hiyo mbele yako.

Mtu huyo ni nani? Mwaka 1973 Mark Granovetter alitoa makala iliyowashangaza wanasosholojia. Alikuwa amewahoji wafanyakazi wa mji wa Newton, karibu na Boston, kuhusu jinsi walivyopata kazi zao. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, takriban 17 tu katika kila 100 walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wanaokutana nao mara mojamoja au kwa nadra. Sababu ni kwamba rafiki wa chanda na pete anajua yaleyale unayoyajua wewe, ilhali mtu wa mbali kidogo analeta habari za kwingine. Mwaka 2022 watafiti walipima wazo hilo kwa takwimu za watu milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, wakaona kwamba wanaosaidia zaidi ni wale wa kati: si wa ndani kabisa, na si wageni.

Ukiitazama Kamenu kwa macho hayo, utaona mtaa wenye utajiri wa watu wa aina hiyo. Ni wadi ya eneo bunge la Thika Mjini, Kaunti ya Kiambu, na imezungukwa na vyuo. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko mjini Thika kwenyewe. Ukishika barabara kuu kuelekea Nairobi unafika Juja penye Chuo Kikuu cha JKUAT, na mbele yake Ruiru penye Chuo Kikuu cha Zetech. Wanafunzi wa vyuo hivi hupanga nyumba mitaani, huabiri matatu yaleyale na kuimba katika kwaya zilezile. Mpangaji wa chumba cha pili anayesomea kompyuta Juja ndiye mtu wa mbali kidogo anayezungumziwa na Granovetter. Anajua jina la programu. Tatizo ni kwamba anaifungua akiwa amejifungia chumbani, na mtoto wa mwenye ploti hapati nafasi ya kuichungulia.

Mahali pengine ambapo programu inaweza kuonekana ni saiba. Watu huingia humo kujaza fomu za mkopo wa masomo za HELB, kuwasilisha ritani za kodi za KRA, kuchapisha vyeti vya eCitizen na kupiga fotokopi. Ni chumba chenye kompyuta zinazoonekana na kila apitaye, na mhudumu anayemjua kila mtu kijuujuu. Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja pa kuanzia, ningechagua hapo kabla ya darasa lolote.

Godot ina sifa ambayo mwenye saiba ataithamini mara moja. Ilianzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 ikatolewa kuwa programu huria, maana yake yeyote anaweza kuitumia, kuibadili na kuuza gemu aliyoitengeneza bila kumlipa mtu. Faili yake ya kupakua ni chini ya megabaiti 200, na haihitaji kusakinishwa. Unaiweka kwenye flashi, unaichomeka, unaibonyeza mara mbili, inafunguka. Nenosiri la msimamizi wa kompyuta halihitajiki. Kompyuta kongwe sana zinaweza kulemewa na toleo jipya, lakini matoleo ya zamani bado yanapatikana na yanafanya kazi. Jambo kama hilo, la kwamba programu inaingia kwenye flashi na kutembea mfukoni, lina uzito kuliko orodha nzima ya sifa za kupendeza zinazotangazwa na wauzaji.

Wanaoanza kabisa huanzia Scratch. Asili yake ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, ambaye mwaka 1967 pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon alibuni lugha ya Logo ili watoto waweze kuiamrisha kompyuta. Mwaka 1982 alishiriki mradi wa kuipeleka Dakar, Senegal. Mwanafunzi wa mawazo yake, Mitchel Resnick, aliongoza kundi la chuo cha MIT lililoizindua Scratch kwa umma mwaka 2007. Leo inafanya kazi hata bila intaneti ukishaipakua, na menyu zake zipo kwa Kiswahili.

Hebu tuitengeneze ile gemu ya matatu. Jukwaa la Scratch ni mstatili wenye upana wa vizio 480 na urefu wa vizio 360, na katikati yake ni sifuri. Matatu letu tunaliweka chini, tuseme vizio 140 chini ya katikati. Kisha tunaburuta vipande vya amri na kuvipachika kimoja juu ya kingine: bendera ya kijani ikibonyezwa, anza; daima, rudia haya yafuatayo: ikiwa kitufe cha kulia kimebonyezwa, ongeza 10 kwenye mahali pa mlalo; ikiwa cha kushoto, punguza 10. Shimo nalo linapewa amri zake: anzia juu mahali popote kwa bahati nasibu, shuka vizio 5 kila mzunguko, ukifika chini rudi juu. Amri ya mwisho inauliza kama shimo limegusa matatu. Likigusa, gemu imekwisha.

Hivyo tu, na gemu inachezeka. Mzunguko huo wa "daima" hurudiwa mara 30 kila sekunde, na kila mara kompyuta husoma vitufe, husogeza wahusika, hukagua kama kuna waliogongana, kisha huchora picha upya. Jicho linaona mwendo mmoja usiokatika. Gemu kubwa za mpira zinazochezwa kwenye PlayStation huendeshwa kwa mzunguko wa namna iyo hiyo, nyingi mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kazi yote ya mzunguko mmoja lazima imalizike katika muda usiozidi milisekunde 17. Mtoto aliyelishika hilo kwa vipande vya rangi amekwisha kuuelewa moyo wa Godot na hata wa Unity, programu nyingine ya kutengeneza gemu; kilichobaki ni kuzoea maandishi.

Jambo lingine ambalo Scratch ilifanya kwa busara ni kwamba kila gemu inayowekwa kwenye tovuti yake inaweza kufunguliwa ndani, ukaziona amri zote, ukanakili na kubadili. Kuonekana kwa matokeo kulikotajwa na Rogers kunakamilika hapo: unaliona zao na unaiona mbegu yake.

Wakati mwingine habari za programu huenezwa na ghadhabu. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba ingewatoza watengenezaji ada kwa kila gemu inayosakinishwa baada ya kiwango fulani. Kelele zilikuwa kubwa, mkurugenzi mkuu aliondoka mwezi uliofuata, na Septemba 2024 ada hiyo ikafutwa kabisa. Katikati ya vurumai hiyo, watu wengi ambao hawakuwahi kuitazama Godot walihamia huko.

Kenya ina watu waliotangulia kabla njia hazijalainishwa. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu, na mwaka 2009 akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Andrew Kaggia alileta Nairobi X mwaka 2015, gemu ya mapigano na viumbe wa angani katika mitaa ya Nairobi. Majina haya yangepaswa kujulikana na kila mtoto wa Thika kama yanavyojulikana majina ya wanariadha, kwa sababu kumwona mtu wa kwenu akifanya jambo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote.

Serikali nayo haikukaa bure. Kuanzia 2016 vishikwambi vilipelekwa katika shule za msingi kote nchini, na JKUAT ilikuwa katika moja ya miungano miwili iliyopewa kazi hiyo. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa usimbaji wa kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili. Ni hatua nzuri, na ninaziunga mkono. Hata hivyo, kifaa kinachokaa kabatini kikingoja mwalimu mwenye ufunguo hakijaribiki wala hakionekani, na sifa zote mbili tulizozitaja zinapotea hapohapo. Afadhali vishikwambi vichache vinavyoshikwashikwa na watoto baada ya masomo, mwanafunzi wa chuo akiwa amekaa nao.

Na Thika ina watoto wengine ambao programu hizi zimewasahau. Shule ya Vipofu ya Thika ilianzishwa na Salvation Army mwaka 1946. Kuburuta kipande cha rangi kwa kipanya ni kazi ya macho, hivyo Scratch, kwa uzuri wake wote, inamwacha nje mtoto asiyeona. Hili linanisikitisha zaidi ya suala la bando, maana bando hununuliwa.

Njia zipo, ila majina yake yanajulikana na wachache zaidi. NVDA ni programu huria ya kusoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, ambaye mwenyewe ni kipofu, akishirikiana na James Teh. Sauti inayokuja nayo, eSpeak NG, inasoma Kiswahili pia. Twine, iliyotolewa na Chris Klimas mwaka 2009, ni ya kutengeneza gemu za hadithi: mchezaji anasoma kipande, anachagua njia, hadithi inageuka. Mara nyingi gemu nzima hutoka ikiwa faili moja nyepesi ya kufunguliwa kwenye kivinjari, na maandishi yake husomeka na NVDA bila shida kubwa. Kijana wa Kamenu akiandika kwa Kiswahili kisa cha abiria anayechagua matatu ya kupanda stendi ya Thika, anaweza kuirusha faili hiyo kwa Bluetooth au kuipeleka kwa flashi, na mwanafunzi wa Shule ya Vipofu akaicheza siku hiyohiyo, kisha akamwambia ni njia gani katika hadithi haiendi kokote.