Je, Wajua? Kwa nini redio ya gari la Japani hugoma Sakania

Gari la mtumba kutoka Japani likivuka mpaka wa Zambia na kuingia Sakania, nchini Kongo, redio yake huweza kunasa stesheni chache mno. Si mbovu. FM ya Japani ilipangiwa megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa kutoka 90 hadi 108 palikuwa pa chaneli 1 hadi 3 za televisheni ya analojia. Kongo, FM hufika 108. Radio Okapi ya Kinshasa, kwa mfano, iko 103.5.

Wapo wanaofunga kifaa cha kushusha masafa kwenye waya wa antena: kikishusha megahezi 12, stesheni ya 98 husikika kwenye 86. Ni rahisi, ila afadhali redio mpya. Hapo pima upana kwanza! Toyota nyingi za Japani zina nafasi ya milimita 200, redio za kawaida 180, ndiyo maana fundi huziba pembeni kwa vipande vya plastiki. Kisha nyaya: kwa kawaida waya wa njano wa redio mpya hupata umeme wa betri muda wote, mwekundu hupitia swichi ya ufunguo, mweusi hufungwa kwenye bodi. Redio ikisahau stesheni kila ukizima gari, mwambie fundi aangalie kama njano na mwekundu zimebadilishana.