Kwa Nini Tulipe Tungali Wazima?

Mpenzi msomaji, wewe unajua ya kuwa kila mwaka una miezi ya feza na miezi isiyo na feza. Kahawa ikiuzwa, au maharagi yakivunwa, kila nyumba ina kitu kidogo. Baadaye feza huisha. Lakini ugonjwa haungoji mavuno. Huja usiku, huja wakati wa mvua, huja siku ile ambapo nyumbani hakuna hata feza ya chumvi.

Mtu akiugua sana siku hiyo, watu wa nyumba yake hufanya nini? Kwanza husema, "Tungoje kidogo, labda atapona." Halafu hununua vidonge viwili vitatu sokoni. Halafu hutafuta mtu wa kuwakopesha. Mwisho huuza mbuzi, kisha shamba. Wakifika hospitali, siku nne zimekwisha kupita.

Angalia hatari ya kungoja. Mtu mwenye ngiri, ambayo wengi huiita mshipa, anaweza kukaa nayo miaka mingi. Lakini siku ngiri ikibanwa, utumbo hukosa damu, nao waweza kuanza kuoza baada ya saa chache. Mama ambaye mtoto amekwama tumboni hawezi kungoja mpaka soko la Jumamosi. Mtoto mdogo mwenye malaria kali hupungukiwa na damu upesi, hata anaweza kufa siku ileile. Magonjwa haya yote yana matibabu. Lakini mara nyingi mtu hafi kwa sababu ya ugonjwa peke yake. Hufa kwa sababu ya siku zilizopotea katika kutafuta feza.

Tena kuna shida nyingine. Mgonjwa amepona, lakini nyumba imebaki na deni. Mahali pengi wagonjwa waliopona huzuiliwa hospitalini mpaka jamaa zao walipe. Shamba lililouzwa halirudi. Mwaka unaofuata watoto wanakosa chakula na feza ya shule. Hivi ugonjwa wa mtu mmoja umekuwa ugonjwa wa nyumba nzima.

Mutueli ya afya ni nini?

Ni sanduku la watu wengi. Kila nyumba hutia feza kidogo kila mwaka, wakati watu wangali wazima. Mmoja wao akiugua, sanduku hulipa hospitali kwa ajili yake. Si sawa na likelemba. Katika likelemba kila mtu hupata zamu yake. Katika mutueli feza humwendea aliyeugua tu. Asiyeugua hapati kitu, naye afurahi kwa kuwa ni mzima.

Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba 100 zikitoa franka 10.000 kila moja, sanduku lina franka 1.000.000. Katika mwaka ule wagonjwa 4 wanalazwa, na kila mmoja anadaiwa franka 200.000. Sanduku linalipa 800.000, na 200.000 zinabaki. Nyumba moja isingeweza kutoa 200.000 kwa siku moja. Lakini kila nyumba iliweza kutoa 10.000. Ila nyumba 100 ni chache: mwaka mmoja mbaya waweza kumaliza sanduku lote. Watu wakiwa maelfu, sanduku lina nguvu zaidi.

Jambo hili lilijaribiwa katika nchi yetu. Katika mwaka 1986, Kongo ilipokuwa ikiitwa Zaire, hospitali ya Bwamanda, upande wa kaskazini-magharibi, ilianza sanduku la namna hii. Kila mtu alilipiwa kwa mwaka kiasi kilicho karibu na bei ya kilo 2 za soya. Feza zilikusanywa wakati watu walipouza mavuno yao. Mtu akilazwa, sanduku lililipa sehemu 80 katika 100, naye alilipa 20. Mwaka wa kwanza zaidi ya robo ya watu wa wilaya waliingia, na baada ya miaka michache walizidi nusu. Waliolipa walilazwa hospitalini karibu mara mbili kuliko wasiolipa. Lakini waliokaa mbali walipata faida kidogo kuliko waliokaa karibu. Ndiyo maana, hata ukiwa na kadi, weka kando feza ya safari au ya wachukuzi wa kipoyi.

Mambo ya kushika

1. Andikisha watu wote wa nyumba, si mgonjwa tu. Wagonjwa tu wakiingia, sanduku litakwisha upesi.

2. Lipa wakati wa mavuno. Ukingoja mpaka homa ianze, utaambiwa kwamba kadi yako haijaanza kazi. Hiyo si ukali. Ni kulinda feza za wote.

3. Anza katika kituo cha afya. Muuguzi akiona ugonjwa unamshinda, atakupa barua ya kwenda hospitali.

4. Uliza mapema: sanduku hulipa nini, nalo halilipi nini? Wewe mwenyewe utalipa sehemu gani?

5. Chagueni watu waaminifu wa kushika feza, nao wasome hesabu mbele ya wote. Sanduku lisilo na hesabu wazi hufa.

Wengine husema, "Mwaka jana nililipa, wala sikuugua. Feza yangu imepotea." Haikupotea, ndugu. Ilimponya mtoto wa jirani, na mwaka ujao feza ya jirani yaweza kumponya mtoto wako. Wengine husema, "Kulipa mbele ni kuuita ugonjwa." Je, mtu anayeezeka nyumba yake huita mvua? Mvua itanyesha tu. Yeye amejitayarisha.

Wengine tena husema, "Serikali itatulipia." Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2017 inaongoza kazi za mutueli katika Kongo, na katika mwezi wa Septemba 2023 serikali ilianza mpango wa kuwazalisha mama bila malipo, kwanza Kinshasa, kisha katika majimbo mengine. Uliza kituo chako kama mpango umefika kwenu. Lakini mpango wa uzazi haulipi ngiri, wala mfupa uliovunjika, wala kisukari cha babu.

Je, mjane asiye na shamba afanye nini? Hapa washiriki wa kanisa wana kazi. Nyumba kumi zikitoa kidogo kidogo, kadi yake na ya watoto wake imelipwa. Msaada huo ni bora kuliko kuchanga feza za jeneza.

Basi, mpenzi msomaji, usikifunge kitabu hiki bila kufanya neno. Wiki hii nenda katika kituo cha afya, ukaulize kama kuna mutueli karibu na kwenu, na siku za kuandikisha ni lini. Hesabu watu wa nyumba yako. Halafu, siku ile utakapouza mavuno, kabla ya kununua kitambaa au redio, toa kwanza feza ya kadi.