Je, Wajua? Mafuta ya Kunukia na Aina Tatu za Mwili

Je, wajua kwamba kuchagua mafuta ya kunukia kwa kufuata aina ya mwili si desturi kongwe kama inavyodhaniwa? Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huueleza mwili kwa nguvu tatu: vata, iliyo baridi na kavu; pitta, yenye joto; na kapha, nzito na yenye unyevu. Kila nguvu hutulizwa kwa kinyume chake. Ndiyo maana leo mtu ambaye mwili wake hutawaliwa na pitta hushauriwa kutumia waridi au msandali, na wa kapha karafuu au mkaratusi. Lakini kitabu cha kale, Charaka Samhita, husifu mafuta ya ufuta kwa vata, samli kwa pitta na asali kwa kapha, si mafuta ya kunukia. Hata jina la tiba ya mafuta ya kunukia lilibuniwa na Mfaransa René-Maurice Gattefossé katika kitabu cha mwaka 1937.

Wapo watakaosema kwamba mji wa Kannauj, India, umekeneka manukato kwa karne nyingi. Ni kweli, ila ukale wa manukato hauthibitishi kwamba aina ya mwili huamua dawa. Mafuta ya karafuu yana yujenoli nyingi, inayoweza kuwasha ngozi ya yeyote, awe vata au kapha. Basi aina ya mwili ikuongoze kuchagua harufu tu. Kwa usalama, zimua mafuta ya kunukia kwa mafuta ya ufuta au nazi, yajaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi, na usiyanywe kamwe.