Zebaki haitoki kwa chumvi wala jua

Papa mkavu ni biashara ya siku nyingi katika mwambao, na wanunuzi wake wapo pande zote za mpaka. Hatari yake haionekani kwa macho: zebaki.

Madini hayo hutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, viwandani na kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Yakifika baharini, bakteria huyageuza kuwa sumu inayopanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa anayemla. Ndiyo maana papa, nduaro na jodari wakubwa hubeba nyingi, dagaa na vibua kidogo.

Kukaanga hakuiondoi. Kukausha huondoa maji tu, hivyo kila kilo ya samaki mkavu huwa na zebaki zaidi.

Mjini Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulionyesha kwamba sumu hiyo huharibu neva, hata za mtoto aliye tumboni.

Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu miligramu 1.6 za methilizebaki kwa kilo ya papa na 1.2 kwa jodari. Shehena ikizidi hapo, inaweza kukataliwa.

Kwa muuzaji, hatua ya kwanza ni rahisi: atenge samaki wakubwa na wadogo, na mteja mjamzito amshauri achukue dagaa.